Njia ya Kushuka Kanyambira

Kuna watu walioumbwa bila dira kichwani, na Bertin alikuwa mmoja wao. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi katika kiwanda cha magari kule Forest, kusini mwa Brussels, na hakupotea hata siku moja, kwa sababu sakafuni palichorwa mstari wa manjano kutoka lango la wafanyakazi hadi mahali pake pa kazi, na mwingine kutoka hapo hadi kantini. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walililia mishahara yao. Bertin aliulilia mshahara na ule mstari.

Sasa alikuwa anajifunza kuendesha basi. Mwalimu wake, Mflemi mpole aitwaye Ward, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba anaendesha vizuri sana, tatizo ni kwamba anaendesha vizuri sana kuelekea kusikotakiwa.

Hata Antoinette, mchumba wake, alimpata kwa kupotea. Alikutana naye Porte de Namur, Antoinette akitoka kazini katika nyumba ya wazee, akamwuliza tramu ya kwenda Gare du Midi inasimama wapi. Bertin alimwelekeza kwa mkono wote, kwa uhakika wa askari wa barabarani. Antoinette alitembea, akazunguka, akapanda ngazi, akashuka nyingine, na alipoibuka tena mtaani alimkuta yule bwana mbele yake, anasoma ubao wa barabara huku anakuna kichwa.

"Na weye pia?" alimwuliza.

"Bon," alijibu Bertin, "mimi nilikuwa naenda ku duka ile pale. Njo hiyo naitafuta."

Antoinette alicheka mpaka akajishika ukuta. Mwanamke akikucheka hivyo, ama humwoni tena ama utamwoa. Bertin, mjane wa miaka hamsini na ushei, alianza kupiga pasi mashati yake.

Walipoulizana kwao, ikatokea kwamba wote wawili ni wa bonde moja, Kanyambira, katika kisiwa cha Lushonga, ziwa Kivu. Antoinette alipiga kelele za furaha. Bertin alipiga kelele pia, kisha akakumbuka desturi ya kwao, na jasho likaanza kumtoka katikati ya Februari.

Lushonga yenyewe ni mlima wa moto uliokaa majini mpaka kifuani. Zamani, kabla ya mtu yeyote kuwapo, mdomo wa mlima ulibomoka upande wa mashariki, na pale ulipobomoka ndipo linapoanzia bonde: juu jembamba kama shingo ya kibuyu, chini pana, linafika ziwani. Udongo wake ni mweusi, na wenyewe hujisifu kwamba ukichomeka fimbo jioni, asubuhi mbuzi wako anaila majani. Wajerumani walifika wakaandika kwamba ni lao. Wabelgiji wakafika wakafuta, wakaandika kwamba ni lao. Wenye bonde waliendelea kupalilia maharage, wakiwauzia wote wawili kuku. Mapadri wakaleta kahawa na miti ya kwinini. Kisha, Bertin alipokuwa na miaka sita, mlima ulipasuka ubavuni na lava ikashuka. Haikuua watu, maana ilikuja taratibu kama bibi harusi anayetaka atazamwe. Lakini ilipopoa iliacha uwanja wa mawe meusi katikati ya bonde. Upande wa juu wa mawe kikabaki kijiji cha Buhimba, alikozaliwa Bertin. Upande wa chini kikabaki Mulambi, kwao Antoinette. Mwaka uleule wazazi wa Bertin walihamia Bukavu, na yeye hakulitia mguu bonde lile tena.

Sasa, watu wa Kanyambira hawatoi binti kwa mtu asiyejua kumrudisha. Kabla mahari haijatajwa, mwanamume husimama mbele ya wakwe na kusema njia: kutoka mlango wa baba yake hadi mlango wa baba wa binti, kilima kwa kilima, kijito kwa kijito, hili shamba la nani, lile kaburi la nani. Mke akiugua, ni yeye mume atakayetangulia mbele ya machela kumrudisha kwao, na huenda kukawa na giza au mvua. Akikosea, anarudi mlangoni kwa baba yake na kuanza upya. Ana nafasi tatu. Zikiisha, anaambiwa angoje mpaka maharage yakomae.

Kanyambira, maharage huchukua miezi michache. Brussels hakuna anayelima maharage, kwa hiyo aliyejua kama yamekomaa ni mtu mmoja tu: Tonton Éliézer, mjomba aliyemlea Antoinette, mstaafu wa kusafisha mabehewa ya treni, mwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu karibu na Gare du Midi. Mchumba wa kwanza wa Antoinette, kijana wa benki aitwaye Hénock, alikamatwa akisoma njia kwenye simu aliyoificha ndani ya Biblia. Maharage yake hayajakomaa hadi leo, na yeye amekwisha kuoa Mrundi na kupata watoto.

Bertin alijitahidi. Alilitafuta bonde katika picha za setilaiti akaona wingu; akatafuta tena wiki iliyofuata, akaona wingu lilelile limenenepa. Alimwuliza rafiki yake Bienaimé, waliyekaa naye meza moja kiwandani, ambaye ndiye angekuwa msemaji wake siku ya posa. Lakini Bienaimé ni mtu wa Butembo, mbali na ziwa, na kuhusu kisiwa alijua tu kwamba kina maji pande zote. Mwishowe Antoinette mwenyewe alimfundisha kila jioni kwa simu. Majina aliyashika yote, hata ya marehemu. Kulia na kushoto ndiko kulikomshinda.

"Écoute," alisema Antoinette siku moja kabla ya posa. "Mimi nitakuwa ku cuisine, bibi arusi hatokake. Nikigonga sufuria mara moja, unapita à droite, kuume. Mara mbili, à gauche, kushoto. Mara tatu, unasimama. Umesikia?"

"Nimesikia. Mara moja, à gauche."

"Mungu yangu."

Walirudia mpaka akaweza. Jambo moja Bertin hakulitaja, kwa kuwa mwanamume hapendi kutaja vilema vyake vyote kwa mpigo: sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za mashine za kupiga mabati. Alisikia sauti vizuri. Ilikotoka, hakujua kamwe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Sebule ya Éliézer ilijaa suti na vitenge. Mzee alikaa kwenye kiti chake kikubwa na kofia kichwani, kulia kwake dada yake, Maman Marie-Jeanne, mwanamke mnene mwenye jicho ambalo halikosi kitu. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, na ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wa kukaanga ilipenya kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo.

Bienaimé alisimama, akakohoa kikubwa.

"Bazazi wapendwa, mutoto yetu Bertin anaishi Forest. Donc, njia yake inaanzia Forest."

Huo ulikuwa ujanja waliokuwa wamepanga usiku kucha. Bertin akadaka: "Ninatoka ku mulango yangu, ninapanda tramu..."

"Tramu," alisema Éliézer polepole, kama anayeonja chumvi. "Ku Kanyambira, tramu inapitaka wapi? Ku shamba ya nani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Tonton, tuko Bruxelles," alijitetea Bienaimé.

"Najua tuko Bruxelles, niko nalipa loyer ya hii nyumba! Huyu mutoto akigonjwa, atamupeleka ku arrêt ya tramu? Anza tena!" Akapiga mguu chini hata glasi za kabatini zikalia.

Nafasi moja ikawa imekwenda na tramu. Bertin alijifuta uso, akafumba macho, akategea sikio lake zima.

"Ninatoka ku Buhimba, ku mulango ya baba yangu. Ninashuka..."

*Ngo*, ilisema sufuria.

"...à droite."

Éliézer akatikisa kichwa, ameridhika. Bertin akapata nguvu. "Ninafika ku miti ya kwinini ya bapadri." *Ngo, ngo.* "Ninakata à gauche. Naona shamba ya kahawa ya Mzee Mwenze."

"Voilà!" Éliézer aliruka kitini kwa furaha. "Shamba ya Mwenze! Ule mutu alikuwa mwizi!" Akapiga mguu chini. "Mwizi kabisa!" Akaupiga tena.

Chini ya miguu yake, ghorofa ya pili, aliishi Madame Andrée, mjane wa Kibelgiji ambaye Jumapili mchana hulala na redio. Madame Andrée alichukua ufagio, akagonga dari kwa mpini.

*Ngo.*

"À droite," alisema Bertin.

"À droite ya Mwenze?" Éliézer alishangaa. Mguu ukapiga chini.

*Ngo, ngo*, ulijibu ufagio.

"À gauche."

Kule jikoni Antoinette, akisikia mume wake mtarajiwa anaiacha njia, alipiga sufuria mara tatu: simama! Madame Andrée, akisikia sasa anajibiwa kwa dharau, alipiga dari kwa nguvu zote. Antoinette akapiga tena. Ufagio ukajibu. Bertin aliyafuata yote kwa utii, macho yamefumbwa, jasho likimtiririka ndani ya kola aliyoipiga pasi.

"À droite. À gauche. Napanda. À droite tena. Napanda kabisa. À gauche... Kuko joto."

"Kuko joto sana," alisema Éliézer. "Uko ndani ya mudomo ya volcan. Umemupeleka mutoto yetu ku moto."

"Na bale banaobeba machela," aliongeza Marie-Jeanne. "Bote. Batoto ya batu."

Sebule nzima ilipasuka. Mtu mmoja alikuwa amelala kwenye mkono wa kochi, analia kwa kucheka. Bienaimé peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu nafasi iliyobaki, na haikumchukua muda.

Hapo kengele ya mlango ililia. Madame Andrée alikuwa amesimama na ufagio wake, nywele upande mmoja zimelala kwa mto.

"Bwana Éliézer," alisema kwa Kifaransa, "kama mnabomoa nyumba semeni mapema, nihame. Na huyo aliyeko jikoni aache kunijibu! Nikigonga, anagonga. Nikiongeza, anaongeza. Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana, na dari hii haijawahi kunijibu."

Vichwa vyote viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea mlango wa jikoni.

"Antoinette," alisema Éliézer. "Lete sufuria."

Antoinette alitoka na sufuria ya sombe mikononi, mwiko juu yake, macho chini. Lakini mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na Bertin hakujua kama ni machozi au kicheko. Kwa kumjua Antoinette, alitumaini ni vyote viwili. Sufuria iliwekwa katikati ya meza kama mshitakiwa. Binti alirudishwa jikoni na mlango ukafungwa nyuma yake. Madame Andrée, kwa kuwa mtu aliyewakuta watu njiani hafukuzwi, alikalishwa kwenye kochi na kupewa sahani ya sambaza, ufagio kati ya magoti.

"Tonton," alianza Bienaimé, "siku nyingine..."

"Leo," alisema Éliézer. "Moja imebaki. Hénock alileta téléphone, huyu analeta orchestre. Aseme sasa, ao aende akangojee."

"Frère, sema unagonjwa," alinong'ona Bienaimé.

Bertin aliutazama mlango wa jikoni. Nyuma yake alikuwapo mtu pekee duniani aliyeona kupotea kwake ni jambo la kuchekesha badala ya kuudhi. Mtu wa namna hiyo hapatikani mara mbili, hasa kwa mwanamume asiyeweza kulipata hata duka analoliona.

Akaanza.

Alitoka mlangoni kwa baba yake. Alishuka kulia, hilo alilikumbuka. Alipita miti ya kwinini, akakata kushoto, akamsalimu Mwenze kwa heshima licha ya sifa zake. Alipita kanisa la mapadri lenye kengele iliyopasuka. Akafika mahali kijito kinapozama chini ya ardhi, akasikia maji yanaendelea kuongea kule chini. Hata Marie-Jeanne aliacha kupepea uso.

"Na sasa," alisema Bertin, "nimefika ku jiwe."

Mbele yake palikuwa na lava. Kulia, au kushoto? Jikoni hakukulia kitu. Madame Andrée alikuwa anatafuna kwa adabu. Bertin aliitafuta sauti ya Antoinette ya simu za jioni, asiipate. Alichokipata kilikuwa kingine, cha zamani zaidi: mkono wa mama yake umemshika mkono, mawe meusi bado ya vuguvugu chini ya nyayo, na mzigo wa mama unatuliwa chini. Mama hakwenda kulia wala kushoto. Alisimama pale ukingoni, akaweka viganja mdomoni.

Bertin aliweka viganja mdomoni.

"Niko ku jiwe-eee!"

Ilikuwa sauti ya kuvuka bonde, na sebule ile haikuwa na upana wa bonde. Madame Andrée alirusha sambaza. Kofia ya mtu ilianguka. Na kabla mwangwi haujatoka dirishani, kutoka kiti kikubwa ilijibu sauti nyingine, kali, ya kijana:

"Simama palee! Usiinamee!"

Ilikuwa sauti ya Éliézer. Mzee mwenyewe alijishika mdomo, kama mtu aliyepiga chafya kanisani.

Vijana waliokuwapo hawakuelewa, ikabidi Marie-Jeanne awaeleze. Lava ilipopoa, mashimoni mwake ilianza kukusanyika hewa mbaya ambayo Kivu nzima huiita mazuku. Haina rangi, haina harufu, hulala chini kama maji bakulini. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, hakiinui tena. Miaka ile ya kwanza, mtu wa juu hakubahatisha njia. Alisimama ukingoni akaita, na kijana wa Mulambi aliyeyajua mashimo akaja kumvusha. Baadaye watu walichomeka miti kuonyesha njia, wito ukasahaulika, na watoto waliozaliwa baada ya hapo, Antoinette akiwa mmoja wao, walijifunza kulia na kushoto tu.

"Na kijana mwenye alikuwa anavusha batu," alimaliza Marie-Jeanne, "njo huyu mwenye anavaa kofia."

"Mambo ya zamani," alisema Éliézer.

"Umejibu, yaya," alisema dada mtu kwa kaka yake mkubwa.

"Sikujibu. Ni mudomo tu."

"Umejibu! Batu bote banasikia. Hata Madame alisikia."

Madame Andrée, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, aliona wanamtazama, akakubali kwa kichwa. "Alijibu," alisema kwa Kifaransa. "Kwa nguvu sana."

"Na mutu mwenye alijibiwa," alisema Marie-Jeanne, "haachwake ku jiwe."

Éliézer alimtazama dada yake, akamtazama Bertin aliyekuwa bado amesimama katikati ya zulia, viganja mdomoni, haogopi kuonekana mjinga, maana alikuwa ameogopa vingine vyote vikaisha. Mzee alipumua. Akavua viatu. Akainuka.

"Shika veste yangu nyuma," alisema. "Weka muguu pale nimetoa muguu. Na usiiname."

Wakaondoka. Mzee mbele, Bertin nyuma ameshikilia pindo la koti, wakapita kati ya meza na kochi.

"Éliézer," alisema Marie-Jeanne, "unamupitisha kushoto? Kushoto kuko shimo yenye iliua mbuzi ya Papa."

"Ile shimo iko kuume."

"Kuume! Mbuzi nilimuvuta miye mwenyewe na kamba!"

"Ulikuwa mutoto, ulimuvuta kwa mukia, ulikuwa unaangalia nyuma!"

Sasa kila mtu wa Mulambi alikuwa amesimama, kila mmoja akionyesha mahali pa shimo, na kama wote walisema kweli basi pale sebuleni hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Madame Andrée aliinua miguu yake na ufagio ili wapite. Taa ya dari ilikuwa inaning'inia mbele. Bertin, mtu mrefu, aliinamisha kichwa.

"Usiiname!"

Akakinyoosha, taa ikampiga kipaji cha uso. Bienaimé alifuata nyuma yao bila kualikwa, amemshika Bertin mkanda, akikumbuka kwamba yeye ni mtu wa Butembo na huku hajui chochote.

Walizunguka meza. Walirudi nyuma mara moja, mzee akinung'unika kwamba hapa zamani palikuwa na mtini. Mwishowe walifika mlango wa jikoni. Éliézer aligonga.

"Nani?" aliuliza Antoinette kutoka ndani.

"Ni batu ya juu," alisema mjomba wake, akihema. "Bamefika. Fungua, miguu inaniuma."

Mlango ukafunguliwa. Antoinette aliuona uvimbe katika paji la uso la Bertin, akamwona Bienaimé kwenye mkanda, akaona jamaa zake wote nyuma wakibishana, mikono hewani, kuhusu mbuzi aliyekufa miaka mingi iliyopita. Aliuma midomo, ikashindikana, akacheka kama siku ile ya Porte de Namur, amejishika fremu ya mlango.

"Mumepita wapi?" aliuliza alipoweza.

"Sijui," alisema Bertin.

Éliézer aligeuka nusu. "Achilia veste yangu sasa, bokilo."

Bokilo ni neno la Kilingala la mkwe, na Wakongo wa Brussels hawalitupi ovyo kwa mtu. Nyuma Marie-Jeanne alipiga kigelegele, na Madame Andrée, kwa kuona kwamba sasa kelele zimehalalishwa, aligonga sakafu kwa mpini. Bertin alilisikia neno vizuri sana. Lakini koti hakuliachilia. Hakuwa na hakika kwamba mawe yamekwisha.